Mlango Nyuma ya Shuka

Siku waliyokuja wapiga filamu, ua ulifagiliwa mara mbili na ndoo zikapangwa kwa rangi. Walitaka kuonyesha maisha ya mtaa jinsi yalivyo, kwa hiyo kila mtu alivaa nguo ya kutokea.

Shida ilikuwa dada yake fundi cherehani. Tangu mvua zianze alikuwa akikohoa, na alipenda kukaa mlangoni pake na kopo la kutemea.

"Tutaaibika," alisema mke wa mwenye nyumba. "Watu wa mbali watuone na kopo?"

Fundi akatoa shuka lake jeupe, akalitundika mbele ya mlango wa dada yake.

"Vumilia kidogo, dada. Usikohoe."

"Hata kikohozi siku hizi kinaombewa ruhusa!" dada alicheka nyuma ya shuka. Kisha akajikaza, akanyamaza kimya.

Usiku huo filamu ilionyeshwa palepale uani, juu ya shuka lilelile lililohamishiwa upande wa pili. Watu walicheka wakishika matumbo. Halafu, mle kwenye filamu, upepo ukaliinua shuka, na nyuma yake hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukuta. Fundi akageuka kutazama mlango wenyewe. Ukuta, na chokaa yake imekauka vizuri.

Kikohozi kilisikika ndani.

Aliitwa mwashi. Akatoa tofali, nyuma yake akakuta tofali. Akalirudisha, akafuta vumbi kwa kiganja.

"Dada, unanisikia?" fundi aliuliza, midomo ikigusa chokaa.

"Nakusikia. Wameshaondoka? Nimechoka kujibana."

Watu wakazoea. Ukuta ule ulikuwa na joto la homa, nguo zilikauka upesi, wakawa wanagombea nafasi ya kuanika.

Kisha wapiga filamu wakatuma habari kwamba wanarudi kuongeza kipande. Ua ukafagiliwa. Asubuhi hiyo fundi alikuwa akitunga uzi kwenye sindano alipokohoa. Akauma kitambaa haraka, lakini kikohozi cha pili kikamponyoka.

Mke wa mwenye nyumba alikuwa ameshafika mlangoni pa fundi na shuka lake mwenyewe, limepigwa pasi.

"Ni kwa muda mfupi tu, mwenzangu. Si unajua?"

Fundi alijua. Alimshikia misumari mpaka ya mwisho, kisha akaingia ndani.

"Nani anakohoa huko?" dada aliuliza kutoka ukutani.

Fundi alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Nje, gari lilikuwa linaegeshwa.