Pombe ya Serikali

Bi Thoan alikuwa akipika pombe ya mchele tangu alipoolewa, na katika vijiji vyote vya bonde la Mto Mwekundu hakuna aliyeijaribu akaisahau. Kisha Wafaransa waliotawala nchi wakajenga kiwanda cha pombe mjini, wakapiga marufuku pombe za nyumbani, na kila kijiji kikalazimishwa kununua chupa za kiwandani kwa idadi ya watu, vichanga wakiwemo. Pombe hiyo ilinuka kama mafuta ya taa. Wanakijiji waliinunua kwa kuogopa jela, wakaimwaga mtaroni.

Mkuu wa kijiji, Khue, binamu wa marehemu mumewe Thoan, ndiye aliyegawa chupa hizo.

"Shemeji, hujachukua zako," alimwambia siku moja mlangoni. "Kesho kutwa si kumbukumbu ya kifo cha kaka? Mwekee hii mbele ya wahenga."

"Kaka yako hakunywa uchafu akiwa hai. Leo nimnyweshe kwa kuwa hawezi kutema?"

"Usinitafutie balaa na wazungu."

"Balaa unayo mwenyewe, umeikumbatia kifuani na kizibo chake."

Khue akaondoka amenuna. Asubuhi ya kumbukumbu alirudi, nyuma yake Mfaransa wa forodha na askari wawili. Akawapeleka moja kwa moja nyuma ya banda la nguruwe, ambako chungu cha kupikia pombe kilikuwa bado kinatoa mvuke. Wageni waliokuja kula karamu walisimama uani wakitazama.

Mfaransa alinusa mtungi, akanung'unika jambo, kisha akamsukumia Khue kikombe: aonje, athibitishe kwamba ni pombe.

Khue akaonja. Ilitosha tone moja. Lakini kikombe hakikutoka mdomoni. Kilizidi kuinuka, koo likipanda na kushuka, mpaka kikaisha. Akakilamba na ukingo.

"Ongeza, mkuu!" mzee mmoja akapaza sauti. "Ushahidi haujatosha!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mfaransa, asiyejua kinachochekwa, akampiga Khue kofi kali kuliko yale askari waliyompiga Thoan wakimfunga kamba.

"Usifute mdomo, shemeji," Thoan alimwambia akipita mbele yake. "Hiyo ilikuwa ya kaka yako."

Thoan alikaa gerezani miezi sita, akatoka amekonda, meno mawili hana. Mwaka uleule mama yake Khue akafa. Khue, kwa kuwaogopa mabwana zake, alipanga mezani pa matanga chupa za kiwandani pekee, hakuna nyingine. Kijiji kizima kilikuja, kwa maana bibi kizee yule hakuwa na kosa. Wakamlilia, wakala wali, wakanywa chai. Hakuna aliyegusa chupa hata moja.

Jioni Khue alibaki nazo peke yake, akafungua moja, akapiga funda, akaitema kando ya ukuta.