Wageni Waliokula Memori

Usiku wa jana niliota brauza yangu imeganda, nami nimo ndani yake nimeshika mwiko.

Kuwa ndani hakukunishangaza sana. Kilichonishtua ni kwamba ndani ya brauza ni sebule yangu ileile ya Tabora, na vitambaa vyangu vya kufuma viko juu ya viti, na juu ya kila kitambaa amekaa mgeni. Waliokosa viti wako mkekani. Waliokosa mkeka wamekaliana.

Nieleze kwanza nililala na mawazo gani. Mwanangu Shija amepata mtoto wa kike huko Dodoma, na kwetu jina la mtoto huingizwa sikioni na bibi mzaa baba, yaani mimi. Goti langu la kulia lilikataa safari, tukakubaliana nitalisema kwa video asubuhi, Shija aweke simu kwenye sikio la mtoto. Mama mkwe wake, Bibi Chilongani, alikuwa ameshafika huko na mizigo yake. Akasema kwa upole kwamba mitambo ya Mama Shija ikigoma atalisema yeye, maana mtoto hawezi kungoja mitambo. Mimi nimechagua Kalunde, jina la marehemu mama yangu. Yeye amechagua Shantel.

Na kompyuta ilikuwa imeshinda inaganda. Nabonyeza leo, inaitika kesho.

Basi, nimo sebuleni. Katikati kuna sufuria la shughuli, yale ya kukodi, limeandikwa MEMORI kwa rangi nyekundu, na wageni wanachota ubwabwa. Brauza mwenyewe ni bwana mwembamba mwenye tai, kabeba sinia, mguu mmoja juu, hapepesi macho.

"Ameganda," sufuria likaniambia. "Kila akitaka kupiga hatua, mtu anadai aongezewe."

Nikauliza hawa ni akina nani. Likasema ni kurasa zangu. Nilizifungua mwenyewe, nikazikaribisha mwenyewe, na sijawahi kuiaga hata moja. Kweli bwana. Mjukuu wangu Milembe, aliyenipa hiyo kompyuta, alinionyesha kile kialama cha kufungia ukurasa, nikakiona cha kifidhuli. Mtu umemwita mwenyewe, halafu umbonyeze kichwa apotee? Mimi nikimaliza nawashusha chini tu, wapumzike.

Hali ya Hewa ya Mbeya amekaa na mwavuli wazi. Sijui nilimtakia nini, sina mtu Mbeya. Bei ya Mbuzi anatafuna pindo la pazia. Tamthilia ya Kituruki kajaza kochi kubwa, analia, anakula kwa mikono miwili. Karibu na mlango kuna Goti, goti tupu lisilo na mguu, kubwa kama mtungi. Ni ule ukurasa wa dawa za maumivu niliofungua wakati wa masika. Limevimba kwa kula.

Nikageuka dirishani, moyo ukanilipuka. Mtoto wa Shija yuko upande wa pili wa kioo, mdomo wazi, kilio kimegandia katikati. Kila mgeni akimeza tonge, uso wa mtoto unakatika vipande vya mraba, na kipande kimoja kinadondoka. Sikio la kushoto limeshadondoka. Limebaki la kulia. Na Bibi Chilongani, kando yake, ameanza kuinama na Shantel yake mdomoni.

Hapo anaingia mtu wa buchani, koti jeupe lina madoa, panga kwapani.

"Mama, kuna mmoja hajibu. Tusubiri au tuue?"

Nikaukaza mwiko mkononi, na lile Goti la mlangoni likatetemeka. Nikauliza hajibu nini.

"Salamu. Namwamkia, kimya."

Kumbe ni Mapishi ya Keki. Nikamwamkia mwenyewe, kimya, macho wazi, unga shavuni. Nikamwambia yule bwana kwamba nyumbani kwangu mgeni hauawi hata akiwa hana adabu. Akasema basi tusubiri. Akavuta kiti, akajipakulia.

Tukawa tumeongeza mlaji.

Nikamwendea Hali ya Hewa, nikamdokeza kwamba Mbeya watakuwa wanamtafuta. Akakubali, akakunja mwavuli. Alipofika mlangoni, mlango ukafumbua mdomo: "Una uhakika unataka kuondoka?"

Na mimi, kwa mazoea, nikadakia: "Hata mimi namshangaa. Bado mapema, kaa kidogo ule."

Akarudi, akala. Sikio la mtoto likaning'inia.

Nilijishika mdomo, lakini maneno yameshatoka. Ndipo nikakumbuka tunavyomfanya wifi asiyeondoka. Humwambii nenda. Unasimama wewe. Unajitanda khanga, unavaa kandambili, unasema, "Haya, twende niwasindikize," kama vile wao ndio walioaga. Na mkononi unampa kitu. Mtu akishashika kifurushi hawezi kukaa tena, ataonekana anangoja kingine.

Nikachukua kopo langu la bluu la karanga. Kila mgeni nikamfungia zake kwenye kipande cha gazeti, nikajitanda khanga. Wote wakasimama. Hata Mapishi ya Keki akasimama. Salamu hakuitikia, karanga aliitikia.

Tamthilia aliponyanyuka, nyuma yake akatokea mtu nisiyemjua, mablanketi begani, anacheza. Nikamuuliza amealikwa na nani.

"Sikualikwa, mama. Mimi ni tangazo. Nimekuja na huyu, na nakula kumshinda."

Alisema bila aibu yoyote. Nikashtuka, nimeona wazamiaji wengi harusini lakini wanaojitaja ni wachache. Nikampa karanga zilizoungua.

Mlango ukaanza tena, una uhakika, una uhakika. Nikauambia unyamaze, nasindikiza. Ukanyamaza.

Nje si mtaani kwetu. Ni stesheni, reli imepita juu ya zulia langu, jua la mchana linawaka, na treni inangoja. Wanapanda mmoja mmoja, wananishukuru, wananiambia siku nyingine niwatembelee. Tamthilia ananishika mkono, ananiuliza kama sitaki kujua yule mtoto wa kwenye hadithi yake baba yake ni nani. Nataka sana. Treni inapiga honi, namsukuma kwa heshima.

Likabaki Goti.

"Mimi niende wapi, Mama Shija? Nimekaa kwako tangu masika. Nimezoea."

Nikalitazama. Nikafikiri, wala sikufikiri sana.

"Nenda Dodoma," nikaliambia. "Kuna Bibi Chilongani, mkarimu, hajui kufukuza mtu. Ila usiseme nani kakutuma."

Nikaliongezea karanga, maana safari ni ndefu. Likapanda likirukaruka, treni ikaondoka. Nyuma yangu nikasikia mguu wa Brauza unagusa sakafu. Akanijia na sinia, haraka kama ametoka kuoga, akauliza aniletee nini.

Nikazinduka, jua limeshaingia chumbani. Mambo ya ndoto, nikajisemea. Nikafungua kompyuta. Ukurasa ni mmoja tu, ule wa video, ukaitika kabla sijatoa kidole. Shija huyo, na mtoto huyo, mzima, masikio yote mawili.

Bibi Chilongani alikuwa amekaa pembeni, kanyoosha mguu juu ya kigoda, goti kalifunga khanga.

"Mama Shija, mwenzio sijalala. Goti limenivamia usiku, ghafla tu. Hata kuinama siwezi. Sema wewe jina, dada yangu."

Nikampa pole nyingi. Nikamwambia hayo mambo ya umri, yatazoeana naye. Shija akaweka simu sikioni kwa mtoto, nikasema Kalunde, polepole, nikarudia, na mtoto akaacha kulia kusikiliza.

Shija alipoinua simu, picha ikapita sakafuni. Chini ya kigoda cha Bibi Chilongani kulikuwa na maganda ya karanga na kipande cha gazeti kilichokunjwa ninavyokunja mimi.

Nikawaaga, nikasimama bila kushika meza, nikaenda kutazama kopo langu la bluu.