Jeneza la Mabel Kwenye Ngazi

Lifti ilikataa jeneza. Bwana Fenton, ambaye ukoo wake umezika watu wa mji wa Aldershaw, Uingereza, tangu enzi za babu yake, alipima kwa mikono, akatikisa kichwa, akavua kofia.

"Tukilisimamisha wima litaingia, Mzee Amos."

"Wima? Mke wangu asimame kama ufagio?"

Amos Tunstall alikuwa amemwahidi Mabel jambo moja tu, kule hospitali: atarudi nyumbani, alale chumba cha mbele, watu waje kumuaga, kisha atoke kwa mlango wake mwenyewe. Ndivyo walivyotoka wazazi wake. Ndivyo alivyotoka kila mtu wa Mtaa wa Garnet. Akifa mtu, mtaa mzima ulifunga mapazia, na majirani wakaingia kwa zamu kumtazama marehemu na kunywa chai.

Sasa Mtaa wa Garnet ulikuwa kifusi. Serikali iliubomoa, tena si serikali ya mabwana; ilikuwa yao wenyewe, ya Labour, chama cha wafanyakazi, waliyoipigia kura huku wakiimba. Kwa hiyo hata hasira ya Amos ilikosa pa kwenda. Miaka nenda rudi alisimama juu ya kreti la bia nje ya kiwanda cha pamba akipaza sauti: kuta zinavuja, choo kiko uani, watoto wanakohoa damu, bomoeni! Na alisema kweli. Wenye nyumba wale walikuwa kupe. Serikali ikasikia, ikaleta tingatinga, ikawapandisha watu ghorofa ya kumi na moja, penye bafu na maji ya moto. Wachoraji ramani wake walipima jua litaingiaje na mtoto ataogaje. Maiti hawakumpimia nafasi.

"Tupite ngazi," alisema Amos.

Wanaume sita wa mtaa wa zamani wakaingia chini ya jeneza. Gladys Orme, aliyeishi ukuta kwa ukuta na Mabel tangu usichana, akatangulia akisogeza baiskeli na vigari vya watoto.

"Shikeni vizuri nyie! Mkimwangusha huyu atafufuka awatukane."

Wakacheka kidogo, wakapanda. Kona ya kwanza waliliinua juu ya matusi, likapita. Kona ya pili likakwama, upande wa kichwa ukutani, upande wa miguu kwenye chuma. Wakasukuma. Ubao ukakwaruza saruji kwa sauti iliyomfanya Amos afumbe macho.

Mlango ukafunguliwa, mwanamke akachungulia, vibanio vya nywele kichwani.

"Mnahamisha kabati?"

"Namhamisha mke wangu," alisema Amos.

Mwanamke akafunga mlango polepole, kama mtu anayeomba radhi.

"Basi, mrudisheni chini," Amos aliwaambia wanaume.

Chini, karibu na mapipa ya taka, waliliweka jeneza sakafuni wakafuta jasho. Amos akapiga teke ukuta.

"Hawakutuuliza! Nimepiga kelele nusu ya maisha yangu, hakuna hata mmoja wao aliyekuja kukaa jikoni kwetu akauliza tunaishije."

"Na wewe ulimuuliza Mabel?" alisema Gladys.

"Nimuulize nini? Kulikuwa na ukungu ukutani, Gladys."

"Alikuwa akija kwangu kulia. Alitaka waitengeneze nyumba ile ile, waongeze bafu nyuma. Nikamwambia, si umwambie mumeo? Akasema, nitamwambiaje Amos? Atadhani wenye nyumba wamenihonga."

Amos alijua ni kweli. Angedhani hivyo hasa. Angemwambia hivyo mezani, kwa sauti ile ile ya kwenye kreti, na angejisifu kwamba hakumwonea huruma hata mkewe.

Bwana Fenton alikohoa.

"Kwangu kuna chumba kizuri, mzee. Kina maua na zulia. Watu wanaweza kuja kumuaga kesho, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni."

"Halafu?"

"Halafu tunafunga."

Amos aliwatazama wale sita, kisha lifti iliyosimama wazi ikingoja mtu abonyeze. Akainama, akaweka kiganja juu ya ubao pale ulipokwaruzika, akasugua, lakini mkwaruzo haukutoka.

"Haya," alisema. "Mpelekeni."

Wakamtoa Mabel kwa mlango wa kioo wa jengo, ambao haukuwa wa mtu yeyote. Juu yao madirisha yalipangana hadi mawinguni, na mapazia yote yalikuwa wazi.