Juu Wapi?

Mwalimu Deodatha alikuwa amefundisha Kiingereza miaka kumi na mmoja katika shule ya msingi huko Rugera. Wiki ile darasa la sita walikuwa kwenye somo la sehemu za juu za vitu. Ubaoni alichora mlima, wimbi na kalamu. Mlima una summit, au peak. Wimbi lina crest. Kalamu ina tip. Watoto walishangaa kuona lugha moja ina majina mengi kwa kitu ambacho wao hukiita juu, basi.

Jumamosi mchungaji akamwita kanisani. Kulikuwa na mgeni kutoka ng'ambo, mzee Henning, aliyeleta chuma cha kukinga radi, kwa kuwa masika yaliyopita radi iliua ng'ombe wawili kando ya ukuta wa kanisa. Mzee hakujua Kiswahili, na goti lake lilikataa ngazi ndefu. Kazi ya kwenye paa angeifanya Polikarpi, fundi wa kijiji, mume wa Joyness, mdogo wake Deodatha.

"Leo utakuwa mdomo wangu, shemeji," Polikarpi alisema akijifunga mkanda wa zana.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Lete, kata, subiri, kaza: maneno ya Kiingereza aliyoyajua tangu utoto. Kufika saa nne Polikarpi alikuwa upande wa pili wa paa, akisikika tu anavyogonga. Mzee Henning akaingia ndani na ngazi fupi kukagua mbao kwa chini, akizichoma kwa bisibisi. Akatoka haraka, mkono umejaa udongo wa mchwa.

"Tell him to keep off the ridge," alisema.

Deodatha alielewa kwamba Polikarpi asikanyage mahali fulani. Ila mahali penyewe hapakueleweka. Ridge. Halikuwa neno la mlima, wala la wimbi, wala la kalamu.

"Sorry, sir. What is ridge?"

"Up there. The ridge. Termites." Mzee alionyesha juu kwa kidole.

Deodatha akapaza sauti. "Polikarpi, anasema usikanyage juu. Kuna mchwa."

Kicheko kikatoka nyuma ya paa. "Niko juu tangu saa mbili, shemeji. Juu wapi?"

Akamgeukia mzee. Mzee alikutanisha vidole vya mikono miwili kama anayesali, kisha akavitikisa pale vilipogusana. Sasa Deodatha alipaona. Alipaona kabisa, pale mabati ya pande mbili yanapokutana, ila hakuwa na jina la kupaita, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili wala kwa Kinyambo cha mama yake.

"Juu kabisa," akasema. "Pale juu ya juu."

"Sikusikii. Ngoja nisogee."

Mikono ikatokea kwanza, pale pale mabati yanapokutana, halafu kofia yake ya bluu, halafu goti. Alikuwa anakuja kumsikiliza. Deodatha aliinua mikono yote miwili na kumwambia arudi, na Polikarpi akainama mbele kidogo ili asikie. Mbao ikakatika bila kelele nyingi. Mabati yakafunguka, naye akaanguka ndani ya kanisa, juu ya mabenchi.

Walimpeleka hospitali kwa gari la mnunuzi wa kahawa. Mzee Henning alibaki chini ya ngazi akilia waziwazi. Kabla ya kuondoka wilayani alimshika Deodatha mkono akasema maneno mengi, na yeye akaambulia sorry tu.

Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika. Wiki ya tatu miguu ilikuwa bado haisikii kitu.

"Lile neno lilikuwa lipi?" Polikarpi alimuuliza siku moja wodini, kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za shambani.

"Ridge."

"Ndiyo nini?"

Akamwonyesha kwa vidole, kama alivyoonyeshwa.

"Kofia," Polikarpi alisema. "Sisi mafundi tunapaita kofia. Ungesema kofia ningebaki nilipokuwa. Lakini ungejuaje, shemeji. Hukuwahi kuezeka."

Deodatha alitamani amlaumu. Lawama angeweza kuijibu, au kuipigia magoti. Upole ule haukuwa na pa kushikwa. Joyness, aliyekuwa akimenya ndizi mbivu kwa ajili ya mgonjwa, hakuinua macho. Tangu siku ile hakuwa amemwambia dada yake neno baya hata moja, wala refu.

Muuguzi alikuwa amewaelekeza wamgeuze kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda. Joyness akaweka ndizi pembeni, akashika mabega.

"Shika miguu," alisema.

Deodatha akaishika. Ilikuwa mizito na ya moto kama ya mtu mwenye afya. Wakamgeuza kuelekea ukutani, wakamwekea mto mgongoni, wakakaa kungoja saa mbili nyingine zipite.