Bakuli la Mgonjwa

Mwalimu Mwatima alikuwa mtu wa kupanga. Kanga zake alizipanga kwa rangi, sufuria zake kwa ukubwa, na waliomjua walisema ndiyo maana hakudumu na mume, kwani mume hapangiki. Neno hilo lilimfika, naye akaendelea kupanga. Alikuwa amerudi kutoka Ujerumani alikopelekwa kusomea ualimu wa michezo, na huko alijifunza pia kula peke yake, sahani yake, uma wake, dirisha lake. Aliporudi Unguja akapata chumba Shangani, aliendelea vivyo hivyo na hakuona kasoro.

Mwanafunzi wake hodari aliitwa Wanu Silima, mtoto wa Makunduchi, aliyekuja mjini kusoma na kukaa kwa shangazi yake, Bi Tabia, katika nyumba moja ya Mkunazini. Wanu alikuwa mkimya, mrefu, miguu mirefu kuliko busara, na alipokimbia hata walinzi wa uwanjani waliacha kuzungumza. Mwaka ule wa sabini na moja ilitoka nafasi ya msichana mmoja wa Unguja kwenda chuo bara, akasomee ualimu wa michezo. Katika mbio za mchujo Wanu aliwaacha wenzake mbali. Lakini daktari aliyewapima alimtazama mbavu, akampandisha mizani, akasema moyo ni mzima, mapafu ni mazima, ila mwili hamna. Aongeze ratili saba, kilo tatu na kitu, kabla shule hazijafungwa. Asipoongeza, nafasi atapewa wa pili.

Wanu alikuwa katika mwaka wake wa mwisho shuleni. Nafasi ikimpita atarudi Makunduchi kufukia makumbi ya nazi pwani na mama yake, kuyafukua, kuyapiga na kusokota kamba, kazi ambayo mama yake aliifanya hata vidole vikagoma kunyooka. Hakulia wala hakulalamika. Alimuuliza mwalimu wake jambo moja tu, kama ratili saba ni nyingi.

"Si nyingi kwa mtu mwenye mpango," alijibu Mwatima.

Mpango akaukalia kitako. Kitabu chake cha Kijerumani kilitaja siagi, jibini na mbatata. Yeye akageuza jibini ikawa maharage, mbatata zikawa muhogo, siagi ikawa tui. Mbio ndefu akazikata, akaweka mbio fupi za alfajiri, kuruka kamba, na kunyanyua mfuko wa mchanga ili misuli ipate pa kukaa. Mchana, baada ya kula, alale. Kikubwa kilikuwa chakula, na mwaka ule chakula kilikuwa na mambo yake, maana mchele ulikuwa wa foleni, unga wa foleni, na sukari ilikuwa mazungumzo zaidi kuliko sukari. Lakini Mwatima alikuwa na mjomba wake, Mzee Jaku, kibarua wa shamba la serikali Kizimbani, aliyefuga kuku uani kwake. Mzee Jaku hakuelewa kwa nini mtu anenepeshwe ili akimbie, ila kila gari lilipokuja mjini alituma kikapu cha mayai na ndizi, na mara nyengine kuku wa supu.

Kila siku shule ilipotoka Mwatima alimkabidhi Wanu fungu lake, yai au mawili, ndizi, kichupa cha asali, akamwambia ale vyote, asibakishe. Wanu aliitika naam. Na kila Ijumaa walikwenda mtaa wa Malindi, kwenye ghala la karafuu, ambako Mcha, kakake Mwatima, alikuwa mpimaji. Wanu alipanda juu ya mizani ya magunia, mikono kaibana kifuani kwa haya, na Mcha akasogeza vyuma.

Ijumaa ya kwanza mizani haikusema kitu. Ya pili ilirudi nyuma.

"Dada, gunia lako hili limejaa makonyo," alisema Mcha, na wapagazi wakacheka, kwa sababu makonyo, vile vijiti vya karafuu, hujaza gunia na hayana uzito.

Mwatima hakucheka. Alipunguza mbio, akaongeza yai, akamnywesha Wanu dawa ya minyoo hadi mtoto akageuka rangi. Mizani ikabaki palepale. Hapo ndipo mwalimu alipoanza kumshuku mwanafunzi wake, na shaka ikishaingia kwa mtu wa kupanga haitoki kwa urahisi. Alimsimamisha pembeni mwa uwanja wa Mnazi Mmoja akamuuliza kama chakula anakula au anakiuza.

"Nnakula, Mwalimu," alisema Wanu. "Wallahi nnakula."

Wala hakusema uongo. Siku ya pili yake, adhuhuri, Mwatima alikwenda Mkunazini bila ya kutoa habari, akapiga hodi.

Aliwakuta wamo chakulani. Mkeka ulikuwa umetandikwa, sinia la muhogo wa tui lipo katikati, na kulizunguka wamekaa Bi Tabia, Wanu na watoto watano wa Bi Tabia, wa mwisho wao pacha wawili wa kike, Kurwa na Doto, ambao walikuwa macho zaidi kuliko mwili. Bi Tabia ameshika uzi, ncha moja mkononi na nyengine menoni, analikata yai la kuchemsha vipande vyembamba, kila mtoto chake. Yai lilikuwa la Kizimbani. Mwatima alilijua kwa rangi ya ganda lililokuwa kando, kama mtu anavyoijua kanga yake kwenye kamba ya jirani.

"Karibu Mwalimu, umetukuta kwenye kheri," alisema Bi Tabia, na akasogea kumpa nafasi.

Mwatima alisema ameshakula. Hakuna aliyemsikiliza. Alinawishwa mikono, akakalishwa, na Bi Tabia akawaambia watoto neno moja tu, mgeni. Watoto hawakununa wala hawakuangaliana. Kila mmoja alinyanyua kipande chake cha yai akakiweka upande wa mwalimu, Kurwa wa mwisho, na chake kilikuwa kimeshaumwa pembeni. Kukataa kungekuwa kiburi. Mwatima akalila yai lake mwenyewe, kipande baada ya kipande, hadi kile cha Kurwa.

Kula kulipokwisha Bi Tabia alimsifu wifi yake wa Makunduchi, mama yake Wanu. Alisema siku hizi anawakumbuka, kila siku yai, kila siku ndizi, hata asali, na yote Wanu huyaleta mkononi. Wanu aliinama, akayakusanya makombo ya muhogo ambayo hayakuwepo. Mwatima akaomba watoto watoke kidogo, Wanu naye akatoka nao, na hapo mwalimu akaeleza yote, daktari, ratili saba, mayai ya Mzee Jaku. Aliongea kwa upole, lakini jambo lenyewe halikuwa na upole ndani yake.

Bi Tabia aliuokota uzi wake mkekani. Alikuwa mwanamke wa fahari, mjane aliyewalea watoto wake kwa kushona kofia, na hajawahi kugonga mlango wa mtu.

"Kwa hiyo nnamla mtoto wa kaka yangu," alisema.

Mwatima alisema hapana, hakuna aliyekosa. Alipendekeza Wanu ale chumbani, mlango umefungwa. Bi Tabia alimtazama kwa huruma kidogo.

"Ajifungie atafune, na hawa wanasikia? Hawezi. Na angeweza, mie nisingemtaka humu ndani."

Ale shuleni basi, alisema Mwatima. Atafunga kwenye ncha ya kanga awaletee, alisema Bi Tabia, na Mwatima alijua ni kweli. Basi ahamie kwa mwalimu wake, alisema tena Mwatima. Watu watasema nimemfukuza, alijibu Bi Tabia. Kizuri kula na nduguyo. Hilo Wanu amelinyonya, huwezi kumtapisha kwa dawa ya minyoo. Shangazi mtu ndiye aliyefikiri, huku anauviringisha uzi wake kidoleni.

"Nani katika nyumba hula peke yake na asinung'unikiwe na mtu?"

Mwatima alisogea karibu.

"Mzazi aliyejifungua juzi, na mgonjwa," alisema Bi Tabia. "Mzazi Mungu apishe mbali. Basi atakuwa mgonjwa."

Ndivyo Wanu alivyougua. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu kidogo, kwa sababu asubuhi haukuwepo, ulimpanda adhuhuri. Alfajiri watoto bado wamelala alikuwa uwanjani na kamba yake. Kisha shule, maana mitihani haimngoji mgonjwa. Na akirudi tu anafungwa kitambaa kichwani, anapakwa karafuu ya kusagwa kwenye kipaji cha uso, na kulazwa. Mtoto mmoja alimpelekea bakuli lake chumbani, supu, yai zima, ndizi iliyopondwa kwa asali. Wenziwe walibaki na sinia lao. Mwanzoni Wanu alikataa, akamwambia mwalimu kuwa ni dhambi kujisingizia maradhi, yatakuja kweli. Mwatima alimjibu kuwa daktari mwenyewe kasema hana mwili, na asiye na mwili ni mgonjwa, kwa hiyo hakuna uongo hapo. Hoja ilikuwa nyembamba, lakini ilimpitisha.

Jirani walikuja kumtazama mgonjwa, kama inavyotakiwa, huyu na machungwa mawili, huyu na kikombe cha uji. Mgonjwa haulizwi uji, akanywa wote. Mmoja wao, mwenye ulimi, alinong'ona kuwa msichana anakaa ndani, anakula peke yake, na mashavu yanajaa, huo ugonjwa wa miezi mingapi? Bi Tabia alimwambia palepale, mbele za watu, kuwa ukifika mwezi wa tisa yeye ndiye atakayeitwa kuwa mkunga. Maneno yakaishia hapo.

Mizani ikaanza kusogea. Mcha alitangaza kuwa makonyo yamepepetwa, sasa zimebaki karafuu. Mwatima alifurahi, ila kama mtu wa hesabu alishangaa pia, kwa sababu Wanu alikuwa anapanda haraka kuliko mpango wenyewe. Alipiga hesabu ya mayai na supu ikaja pungufu. Akaamua kuwa ni usingizi wa mchana, akajisifu moyoni kwa kuuweka. Siku ya daktari ilipofika, Wanu alivuka ratili saba na ziada, na daktari akatia sahihi bila hata ya kumtazama mbavu.

Asubuhi ya safari Mwatima alikwenda Mkunazini kumchukua ampeleke bandarini. Ndani Bi Tabia alikuwa analia na kumfungia mwanawe kikapu cha njia, analia na kufunga. Mwatima akabaki barazani na Kurwa, aliyevishwa gauni lake la sikukuu. Kurwa alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza kama dada Wanu ameshapona kweli.

"Ameshapona," alisema Mwatima.

"Hatarudia tena?"

"Hatarudia."

Kurwa akapumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Basi leo tutakula vyetu."

Mwatima alimuuliza kwani vyao walikuwa hawali. Mtoto akatazama mlangoni kwanza, asije akasikiwa na mama yake. Akaeleza kuwa kila siku, bakuli la mgonjwa likipelekwa chumbani, walilisimamisha kidogo ukumbini. Kila mmoja alitia chake, huyu kipande cha samaki, huyu nyama kama ipo, Doto maharage yake yote kwa sababu Doto ni mwenye imani na huruma zaidi. Walivikoroga chini, asivione akavikataa. Ratili walikuwa hawazijui. Walichokuwa wanajua ni kwamba mgonjwa asipokula hufa.

Mwatima aliushika mkono wa Kurwa juu ya kiwiko, kwa mazoea ya kazi, kama alivyowapima wanafunzi wake. Vidole vyake vilikutana na vikapitana. Hesabu yake ikatimia palepale barazani, ile iliyokuwa ikija pungufu, na alijisikia vibaya kuliko alivyopata kujisikia tangu azaliwe. Kisha Wanu akatoka, mrefu, mashavu yamejaa, viatu vipya, macho mekundu, akawakumbatia wote mmoja mmoja. Mwatima hakumwambia kitu, wala njiani, wala pale meli ilipong'oa nanga. Angemwambia, binti angeshuka.

Kikapu cha Kizimbani kilipokuja tena, Mwatima hakukifungua. Alikibeba kizima kizima hadi Mkunazini, akapiga hodi adhuhuri, akakaribishwa, akanawishwa, akakaa mkekani mahali alipokuwa akikaa Wanu. Bi Tabia alichemsha mayai, akatoa uzi wake. Vipande vilipowekwa upande wake, Mwatima alivisukuma upande wa Kurwa na Doto, kama wakubwa wanavyowasukumia wadogo kitoweo katika kila sinia la Unguja, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu aende Ujerumani.

Kurwa alivitazama. Akavinyanyua kimoja kimoja, kwa adabu, akavirudisha upande wa mgeni.

Mwatima akavisukuma tena.

"Mie si mgeni," alisema. "Kula, mwanangu."