Mahudhurio ya Jumanne

Kila Jumanne saa tatu asubuhi Raudha Masoudi, msimamizi wa mradi, alifungua kikao cha saiti kwa kuandika mahudhurio. Jumanne moja ya mwisho wa Septemba alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta wa jengo jipya la wazazi kujifungulia, katika kijiji kimoja upande wa Matambarale, daftari mapajani, pikipiki ya shirika ikiwa bado ina joto la safari kutoka Nachingwea. Waliofika walikuwa yeye mwenyewe, Kasmiri fundi mkuu, Mzee Mikidadi mwenyekiti wa kijiji, wahudumu wawili wa afya, na Mwanabibi, aliyefariki Februari mwaka jana akiwa njiani kwenda kujifungua.

Mwanabibi alikaa mwishoni mwa benchi. Kitenge chake kilikuwa kimelowa mpaka magotini, kwa sababu mto ulikuwa umejaa siku ile.

"Nilisikia mnaita wadau," alisema. "Nikaona nije."

Kwenye kozi ya usimamizi wa miradi Raudha alifundishwa kwamba mdau ni kila anayeguswa na mradi. Akamwandika namba sita.

"Karibu, mama. Una hoja?"

"Huo mlango. Kitanda cha kubebea mgonjwa kinapita?"

Kasmiri alitoa futi kamba mfukoni, akapima. Hakikupita. Jioni ile akabomoa upande mmoja na kuupanua.

Raudha hakuwa mtu wa makelele. Kazi ikichelewa hakuuliza nani kaichelewesha, aliuliza kinachozuia ni nini. Alijua korosho zikianza kudondoka vibarua wote wangeingia mashambani, kwa hiyo kupaua alikupanga kumalizike kabla. Habari mbaya aliziweka ukurasa wa kwanza wa ripoti, maana alishaona kwamba ukurasa wa mwisho haufikiwi na mtu.

Wiki iliyofuata Mwanabibi alikuja na Teodosia wa kijiji cha jirani, aliyefariki pamoja na mtoto. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala, na alilala hivyo kikao kizima. Katikati ya Oktoba marehemu walikuwa tisa. Kasmiri aliwagongelea benchi la pili kwa mbao zilizobaki. Walikuwa wajumbe wazuri. Hawakukatizana maneno, na walijua mambo ambayo hayamo kwenye ramani: ndugu wa mzazi wapikie wapi, pikipiki igeuzwe wapi usiku wa mvua. Zaidi ya yote walirudia mambo mawili, maji na mkunga. Raudha aliyaandika yote mawili kwa wino mwekundu katika orodha ya hatari za mradi.

Tarehe ishirini simu ililia katikati ya kikao. Alikuwa Geofrey, mkurugenzi wa shirika.

"Raudha, wageni wanakuja tarehe kumi na mbili Novemba. Tunazindua."

"Mkurugenzi, tulisema Desemba. Kisima hakijachimbwa. Mkunga hajapangwa."

"Paka rangi. Hayo mengine yataingia awamu ya pili."

"Awamu ya pili ipo?"

"Itaandikwa," alisema Geofrey, akakata.

Teodosia alimrekebisha mtoto mgongoni.

Kesho yake Raudha alikuwa Nachingwea mbele ya meza ya Geofrey, na mihtasari yote ya vikao. Geofrey aliisoma polepole. Alipofika kwenye mahudhurio, kalamu yake ilisimama.

"Hawa tisa ni marehemu?"

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Umewaweka kundi gani?"

"Wadau."

"Fomu haina safu ya marehemu, Raudha. Na ndio hao wanaodai maji?"

"Na mkunga."

Geofrey alivuta rula. Alikata majina tisa kwa mistari tisa iliyonyooka, asikwaruze hata jina moja la jirani.

"Marehemu hawezi kuwa mnufaika. Anaharibu takwimu."

Raudha alimsogezea karatasi nyingine. "Tukifungua hivi, tutakuwa tumejenga nyumba ya kutia kufuli. Naomba wiki sita. Nimeandika hapa kila wiki itafanya nini, na nani ataifanya."

"Huna hata wiki nne. Saini hapa kwamba kazi imekamilika."

"Haijakamilika."

Kisha Geofrey alivuta karatasi upande wake, akasaini mwenyewe kwenye nafasi ya msimamizi. Alimwambia Raudha kwamba mkataba wake ungeisha siku ya uzinduzi.

Siku ile wanawake tisa walisimama mstari wa mbele. Mgeni mmoja alimkanyaga Mwanabibi akamwomba radhi, naye akasema si neno. Tangi lilikuwa limejazwa kwa madumu ya maji ya bwawani. Mgeni mkuu alifungua bomba, maji yakatoka, watu wakapiga makofi. Wale tisa hawakupiga. Mzee Mikidadi aliwatazama, akaishusha mikono yake pia. Saa nane magari yaliondoka. Mlango ulifungwa, namba ya simu ya ofisi ikabandikwa juu yake, na Geofrey akaenda na ufunguo Nachingwea, vifaa visije vikaibiwa.

Raudha hakuacha kuja. Alikodi bodaboda kila Jumanne, akafungua kikao barazani, kwa sababu kwenye orodha yake wino mwekundu ulikuwa bado mwekundu. Mzee Mikidadi alipeleka barua wilayani mara tatu kuomba mkunga, na mara tatu akaonyeshwa ripoti inayosema huduma imeshaanza.

Januari mvua ilishika. Jumanne ya pili ya mwezi walikuwa wote wamesogea chini ya bati, wazima na marehemu, alipofika mwanamke kijana ambaye Raudha hakumfahamu. Alisimama kwenye ngazi, akikamua pindo la kanga.

"Hapa ndipo kikao?"

"Ndipo, dada. Jina?"

"Agatha Fransisko."

"Umefariki lini?"

"Jana alasiri. Hapahapa barazani."

Raudha aliutazama mlango. "Hamkupiga ile namba ya mlangoni?"

"Mume wangu alipiga. Waliipokea vizuri tu. Wakasema mwenye ufunguo yuko Dar es Salaam, anapewa cheti cha mradi uliokamilika kabla ya wakati. Tusubiri arudi."

Mwanabibi alisogea kwenye benchi, Agatha akaketi. Raudha akamwandika namba kumi na tano, akasoma ajenda ya kwanza, ambayo ilikuwa maji.