Meli ya Mpingo

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na ya Cyprian yalisikika mtaa mzima wa Mtoni. Mchonga vinyago huyu alimpenda Demetria, mwalimu wa historia wa shule jirani na karakana yake, mpaka ikawa anasalimia hata baiskeli yake. Siku alipomwomba wafunge ndoa, Demetria alicheka, akampa mtihani. Maonyesho ya shule yalikuwa yanakaribia. Basi amchongee meli ya kale ya moshi, yenye magurudumu ubavuni, ile iliyokuwa ikivusha watu na barua kati ya Uingereza na Ufaransa.

"Ikifika Ufaransa yenyewe, bila kusukumwa," alisema, "mie nitakujibu ndiyo."

Ufaransa ilikuwa ukingo wa pili wa bwawa la plastiki la chekechea. Cyprian aliondoka hajui anakanyaga wapi.

Demetria alikuwa amemsimulia kazi ya meli ile: wachochea makaa wakitoka jasho chini, kapteni kasimama juu ya ubao kati ya magurudumu akifoka, na matajiri wenye kofia zao wakitapika njia nzima sawasawa na makabwela. Sasa, Mmakonde aliyefundishwa kuchonga umati wa watu waliopandana mabegani hawezi kuchonga meli tupu. Aliwachonga wote. Mama mmoja alishika kofia kwa mkono huu na tumbo kwa mkono ule. Magurudumu aliyafanya makubwa kupita tumbo la meli, kwa kuwa ndiyo Demetria aliyoyasifia zaidi, akayafunga utepe wa mpira wa baiskeli wa kuyazungusha. Na kwa kuwa lilikuwa jambo la mapenzi, alitumia mpingo. Nani ampe mpenzi wake mti wa mwembe?

Asubuhi ya maonyesho, mjomba wake Alfonsi, aliyemfundisha kazi, aliitikia shikamoo yake, akaigeuzageuza meli na kuisifu sana. Kisha akauliza taratibu, "Mpwa wangu, mpingo umeanza lini kuelea?"

Mpingo unazama, kila mchongaji anajua, naye Cyprian alijua tangu utotoni. Mapenzi tu ndiyo yaliyomsahaulisha. Muda wa kuchonga nyingine haukuwepo. Akaenda hivyo hivyo, liwalo na liwe.

Watoto walilizunguka bwawa. Demetria alivaa gauni la njano, na Cyprian alipomwona akatamani kulia. Alikaza mpira, akaiweka meli majini upande wa Uingereza, akaiachia.

Ikazama papo hapo, na kapteni wake na wenye kofia wake. Watoto wakapiga yowe. Cyprian akafumba macho kwa aibu.

Lakini kelele zilizidi, akafumbua jicho moja. Kule chini magurudumu yalikuwa yamekanyaga sakafu ya bwawa na bado yanazunguka. Meli ilikuwa inatembea, ikiyumba kama mama anayetoka harusini na viatu virefu. Katikati ya safari ikasita, na watoto wakainama kuitazama. Ikatoa povu, ikajikongoja tena, mpaka pua yake ikagonga Ufaransa.

Cyprian hakuthubutu kumtazama Demetria. Alianza kujitetea kwamba atachonga nyingine, ya msufi, itakayoelea vizuri. Demetria alikuwa amekaa chini kwa kicheko, gauni limelowa, machozi yanamtoka.

"Cyprian," alisema alipopata pumzi, "nilisema ifike. Sikusema ipite juu."

Kisha akaitamka ndiyo yake mbele ya darasa zima, na Cyprian akaingia bwawani na viatu.